Kasiano Amepona, Kinga Yake Bado

Jumapili, 11 Julai 1999
Makanyagio, Mpanda

Upepo wa kiangazi umevuma tangu alfajiri na vumbi limeingia hadi kwenye sahani zilizofunikwa. Asubuhi ilikuwa baridi ya kuvaa sweta kanisani. Sasa jua linashuka, na ukuta wa nyuma ya nyumba bado una joto. Nimekaa chini, mgongo ukutani, daftari juu ya magoti. Kasiano yuko ndani amesinzia. Namsikia akipumua kupitia dirishani, na kila pumzi ikichelewa kidogo nasimamisha kalamu.

Leo nimemzuia mama yake mlangoni.

Niandike kwa utaratibu, nisije nikaanza kujitetea kabla sijaeleza.

Kasiano, mume wangu, ni fundi seremala hapa mjini, lakini kila msimu wa mvua hurudi kijijini kwao Usevya kumsaidia mama yake kupandikiza mpunga. Mwaka huu, Januari, kisiki kilichojificha kwenye tope kilimchoma chini ya unyayo. Alifunga kitambaa akaendelea kupandikiza, kwa sababu miche ilikuwa imeshang'olewa na isingengoja. Walipomleta mjini mguu ulikuwa umevimba hadi gotini. Mwili ulikuwa unatetemeka, anapumua mbio kama mtu aliyekimbia, vidole vya baridi kabisa, na mimi aliniita kwa jina la dada yake. Hospitali walisema vidudu vimetoka kwenye jeraha vikaingia kwenye damu, na mwili mzima umewaka. Ugonjwa wenyewe wanauita sepsisi. Watu wa kwetu walisema damu yake imeingia sumu, na sikuona tofauti kubwa.

Kuna siku padri aliitwa ampake mafuta. Sitaki kuiandika tena siku hiyo. Niliiandika ilipokuwa mbichi na inatosha.

Akapona. Kabla ya Kwaresma alirudi nyumbani anatembelea fimbo, amekonda, anacheka. Usevya nzima nadhani ilipanda lori kuja kumwona. Kwetu pole haitolewi kwa mbali. Mtu anaingia chumbani, anakaa ukingoni mwa kitanda, anamshika mgonjwa mkono na hauachii mpaka habari zote ziishe. Watoto wanapandishwa kitandani ili baba mdogo awaone walivyokua. Mwenye mafua anakohoa, anafuta pua kwa kiganja, anashika mkono uleule. Nilipika, nikachota maji, nikafurahi. Nani angefikiri vibaya? Mtu tuliyekuwa tumemlilia alikuwa anakula ugali mbele yetu.

Kabla ya Pasaka alishikwa na kichomi. Mafua ambayo mimi niliyamaliza kwa kupiga chafya yeye yalimlaza tena wodini, akivuta hewa kwa shida huku ameshika ubavu. Akapona. Mwezi wa tano yakatokea malengelenge yaliyojipanga kutoka mgongoni hadi chini ya titi la kushoto, yanaunguza kama maji ya moto. Mkanda wa jeshi.

Kila mtu katika nchi hii siku hizi anajua mkanda wa jeshi unasemwa unamaanisha nini.

Stesheni, ninakofanya kazi ya ukarani wa mizigo, wenzangu wakaanza kunihurumia kwa namna ya ajabu. Waliniachia kiti. Mmoja akanishauri nimpeleke binti yetu Felista kwa ndugu mapema, wakati bado nina nguvu. Nilijua wanachokisema nikigeuka. Damu ya Kasiano ilipimwa, na yangu pia, na sote wawili hatuna virusi. Lakini jibu la namna hiyo huwezi kulitundika mlangoni. Ukilitangaza, wanasema mbona anajitangaza. Ukinyamaza, wanasema mbona kanyamaza.

Aliyenieleza vizuri ni daktari wa wodi ya wanaume, dada mmoja mpole, mdogo kuliko mimi kwa umri. Siku ile ya malengelenge alivuta kiti akakaa, jambo ambalo madaktari hawalifanyi mara nyingi. Nilimwuliza kwa nini mtu aliyepona anaugua kila mara. Niliuliza kwa hasira kidogo, ninakumbuka.

Alisema Kasiano alipona vidudu, kinga yake bado haijapona. Vidudu vilipoingia kwenye damu, kinga ya mwili wake ilipigana bila kipimo, hadi ikaanza kuumiza mwili wenyewe. Ndiyo ile kupumua mbio, ile kuchanganyikiwa, ule mkojo uliokuwa hautoki. Dawa ikasaidia, vidudu vikafa. Lakini katika mapambano hayo chembe nyingi za kinga nazo zilikufa, na zilizobaki zimechoka. Zipo kwenye damu, ukizihesabu unaweza kuziona, ila adui akipita haziamki haraka. Mifupa inatengeneza nyingine, ila hizo mpya zinahitaji muda kukomaa. Wakati huo mafua madogo yanaweza kuwa kichomi. Na vile vidudu vilivyolala mwilini tangu utotoni, kama vya tetekuwanga, vinaona mlinzi hayupo vinaamka. Ndio mkanda wa jeshi wake. Akasema vitabu vyao vyenyewe ndiyo kwanza vinaanza kuliandika jambo hili vizuri, lakini wao wodini wamekuwa wakiliona siku zote: mtu anaruhusiwa akiwa mzima, halafu anarudi, na anarudi tena, na mara nyingine harudi kwa sababu amefia nyumbani kwa kitu kidogo.

Nikamwuliza mpaka lini. Akasema miezi, kwa wengine mwaka, kwa wengine zaidi. Nikamwuliza tutajuaje kwamba sasa imerudi. Akasema hapa kwetu hana kipimo cha kunionyesha. Tumlishe, tumkinge, tungoje.

Nilirudi nyumbani nikamweleza Kasiano maneno yote kwa mpangilio, kama ninavyosoma orodha ya mizigo. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Kumbe ni kuamia ndege."

Nikamwambia sijaelewa. Mimi nilikulia hapa mjini, sijawahi kukaa msimu mzima kwenye kichanja cha shamba. Akanieleza kwamba mpunga ukianza kukomaa ndege huja kama wingu, na kuna mwaka, yeye akiwa kijana, walikuja wengi kuliko kawaida. Ukoo mzima ukaingia shambani kupiga kelele, kupiga madebe, kurusha udongo kwa teo, kukimbia huku na huku. Ndege wakaondoka. Walipotazama chini, mpunga mwingi walikuwa wameukanyaga wao wenyewe. Na kesho yake ndege wachache tu walirudi, wale wa kawaida ambao hata mtoto huwafukuza, lakini hakuna aliyekuwa na sauti. Wote walikuwa wamelala chini ya vichanja, koo zimekauka, mikono haiinuki. Wale ndege wachache wakala taratibu, wanaonekana, na hakuna aliyesimama.

"Sasa mimi ndiyo hilo shamba," akasema. "Waamia ndege wangu wamelala."

Kisha akacheka, na kicheko kikamuumiza ubavu. Ilibidi nimsaidie kugeuka. Nilimwambia basi mimi nitapiga debe mpaka wenyewe waamke. Akasema nisipige sana nikaukanyaga mpunga.

Tangu siku hiyo nyumba yetu ina taratibu. Mlangoni kuna stuli, juu yake beseni, jagi na kipande cha sabuni ya mche, na anayeingia ananawa kwanza, hata mimi nikitoka kazini. Maji ya kunywa yanachemshwa. Kuku hawalali tena jikoni. Chumba kinafunguliwa madirisha kutwa. Kidonda kidogo chochote, hata cha kibanzi cha mbao, kinaoshwa saa ileile na ninakitazama asubuhi na jioni. Mwenye mafua haingii, awe nani. Mimi mwenyewe nilipopata mafua mwezi uliopita nilihamia sebuleni na nikawa namwekea chakula mlangoni. Alisema tumekuwa kama wachumba waliokatazwa kuonana.

Jirani yetu, Mama Minza, ndiye anayenisumbua kwa utani. Ni Msukuma, walihamia huku na ng'ombe wao, na ndugu zake wengine wako Kakese wanachunga. Yeye hujiita mtani wetu na hutuletea maziwa karibu kila asubuhi. Siku ya kwanza aliponiona nayamimina sufuriani alishika kiuno. Alisema kwao maziwa hayapigwi moto hivyo, ng'ombe ataona aibu. Nikamwambia ng'ombe hana habari. "Basi mtu ameoa karani," akasema kwa sauti ya kutosha Kasiano asikie, "sasa hata maziwa yanagongwa muhuri." Lakini hajaacha kuyaleta, na siku hizi akifika huuliza kama sufuria iko motoni.

Yote hayo yaliwezekana kwa sababu mama mkwe hakuwepo. Majirani unaweza kuwaambia nawa. Wanakasirika, wanazoea. Mama wa mume ni habari nyingine.

Juzi dereva wa lori alileta ujumbe kwamba mama anakuja Jumapili na mchele mpya. Kasiano alifurahi kama mtoto. Mimi nilifurahi pia, halafu nikauliza huko hali ikoje, na dereva akasema ni nzuri, wamevuna, ila mafua yamekamata kijiji kizima, watu wanakohoa kama mbwa. Alisema hivyo akiwa anacheka. Sikulala vizuri. Nilijua kwamba habari za mkanda wa jeshi zimefika Usevya. Nilijua pia wanasemaje. Nikimkatalia mama kuingia, ataona nini? Ataona kwamba ni kweli, na kwamba mkwe wake anamficha mwanawe afie ndani. Au ataona kwamba mimi nimejipa nyumba. Na nikimwacha aingie, atakaa ukingoni mwa kitanda kama zamani, atamshika mkono, atakohoa. Huenda isitokee kitu. Huenda ikawa kichomi kingine, na daktari ameshaniambia kwamba mapafu yale hayana nguvu ya kichomi kingine.

Sikumwambia Kasiano hofu yangu. Angesema mwache mama aingie. Asingeweza kusema vingine.

Walifika baada ya misa ya pili. Mama, jina lake Leokadia, na wifi yangu Edita, na gunia la mchele mpya ambalo utingo aliliteremsha kwa heshima zote. Nilimsikia mama kabla sijamwona. Alikohoa upande wa pili wa lori, kikohozi kizito cha chini, kile kinachomfanya mtu asimame na kushika goti.

Nilitoka nikasimama mlangoni. Nasema nilisimama. Mkwe wa kwetu anapompokea mama wa mume hupiga goti, hupokea mikono miwili. Mimi nilijua nikipiga goti nitampa mikono, nikimpa mikono nitanyanyuka naye, na tukinyanyuka tutaingia. Kwa hiyo nilibaki wima kwenye kizingiti, beseni pembeni yangu, kama askari wa geti.

Nilisema, "Shikamoo mama. Poleni na safari. Ndani hamtaingia leo."

Alinitazama. Hakuuliza kwa nini. Aliuliza, "Mwanangu yu hai?"

"Yu hai, mama. Amekaa uani, kwenye jua."

"Basi mbona nazungushwa kama mgeni?"

Nikaanza kueleza. Nilieleza vibaya, maneno ya hospitali yakinitoka kwa haraka, kinga, chembe, mapafu, na kila nilivyoendelea nilijisikia kama mtu anayedanganya. Wifi Edita alikuwa ameshika kiuno. Yeye hujua kunichoma. "Wifi, hii nyumba siku hizi ni stesheni? Tukakate tiketi kwanza?" Nikasema siyo hivyo. "Nyie watu wa mjini mnatuona sisi uchafu," akasema. "Mama yake kamzaa, kamnyonyesha, leo anaambiwa ana wadudu." Halafu akashusha sauti, na hapo ndipo paliponiuma, akasema kama ni ule ugonjwa mwingine tuseme tu, wao ni ndugu, hawatamkimbia.

Nikasema amepimwa, hana. Nikasema na mimi nimepimwa. Nilisema mbele ya utingo na watoto wa jirani waliokuja kushangaa lori. Sijui nilipata wapi uso.

Mama alikohoa. Aligeuza kichwa mbali na mimi na kujiziba kwa upande wa kitenge, na kikohozi kilipokwisha alibaki amegeuka vile, akitazama barabara. Nilidhani atarudi kwenye lori. Nilianza kujiuliza nitamwambiaje Kasiano kwamba mama yake alifika na akaondoka.

Badala yake akauliza swali dogo, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia. Alitaka kujua kama ugonjwa unapita kwenye makofi.

Sikuelewa. Akaweka viganja pamoja akanionyesha. Nikasema hapana mama, kwa makofi haupiti.

"Na kwa macho?"

"Haupiti, mama."

Basi akazunguka nyumba. Hakupita ndani, alifuata ukuta kwa nje, akipitia penye mbao ambazo Kasiano hajazigusa tangu Januari. Edita na mimi tulimfuata, hatusemezani. Kasiano alikuwa kwenye kiti chake, blanketi magotini, amesikia kila kitu, uso umemshuka. Alipomwona mama yake alishika mikono ya kiti ili anyanyuke.

Mama alisimama mbali, penye kamba ya nguo. Alimtazama mwanawe kuanzia kichwani hadi miguuni, polepole, kama anavyotazama shamba asubuhi baada ya usiku wa nguruwe. Mashavu yaliyoingia ndani. Shati linaloning'inia. Kisha akakunja kitenge akapiga magoti kwenye vumbi, akakusanya viganja, akaanza kupiga makofi yale ya taratibu, yenye sauti ya ndani, ambayo bibi zetu waliwapigia wakubwa na ambayo siku hizi unayasikia kwenye harusi tu, na huku mjini hata harusini huyasikii. Huku tunashikana mikono na yanakwisha.

Lakini hayo ni makofi ya mdogo kwa mkubwa. Mama hampigii magoti mwanawe. Sijawahi kuona. Edita alitoa sauti kama ameungua.

Kasiano alisema, "Mama, inuka. Mama, usifanye hivyo."

Mama aliendelea kidogo, kisha akasimamisha mikono, bila kuinuka.

"Niache hapahapa," akasema. "Nikisimama nitakuja kukushika."

Kasiano alilia. Alilia kwa kelele kama ambavyo hakulia hata wakati wa mguu. Kisha na yeye akateremka kwenye kiti, nikamwacha, nikaogopa kumgusa, akapiga magoti upande wake wa uani, blanketi limeanguka, na akamjibu mama yake kwa makofi. Mikono yake imekuwa myembamba na makofi yake hayakuwa na sauti kubwa. Walisalimiana hivyo kwa muda mrefu, mama akiuliza habari kwa Kipimbwe, lugha ya kwao, na yeye akijibu, kila jibu na makofi yake, na katikati wote wawili wakaanza kucheka, kwa sababu mama aliuliza pia habari za mguu, za ubavu na za tumbo, kila kimoja peke yake, kama anayeulizia ndugu.

Mama Minza alichungulia juu ya ua wa mabua. Halafu akasema, "Ehee. Kwa hiyo Kasiano siku hizi ni mwene? Mmemtawaza lini, na sisi wafugaji hatukuitwa kuleta ng'ombe?"

Edita ndiye aliyemjibu. Alimwambia ng'ombe wake alete tu, ila amchemshe kwanza. Tulicheka wote, hata mimi, hata Edita mwenyewe, na alipomaliza kucheka alikwenda mlangoni kwa miguu yake, akamimina maji, akanawa. Alirudi akaniokotea blanketi.

Mchana tulikula uani, Felista akitugawia sahani. Wali wa mchele mpya una harufu ambayo ukikaa mjini unaisahau mpaka sufuria ifunuliwe. Mama alikaa kwake penye kamba ya nguo, Kasiano kwake ukutani, na upepo katikati yao. Kasiano alikula sahani nzima, na mama alihesabu kila tonge kwa macho. Kwa mara ya kwanza nilimweleza mama vizuri, taratibu, bila maneno ya hospitali. Nilimwambia kuhusu waamia ndege waliolala. Nilidhani nitamfafanulia, lakini alinikatiza. Alisema anaukumbuka mwaka ule wa ndege. Alisema waliopiga kelele sana ndio waliokawia kupata sauti, na kwamba mumewe, marehemu, alimaliza karibu mwezi anaongea kwa kunong'ona. Kisha akauliza, sasa huyu tunampa nini ili wale wake waamke? Nikasema chakula, usingizi, maji safi, na muda. Akasema chakula anacho. Muda ndio wa kuuomba.

Kuhusu ule ugonjwa mwingine hakuuliza. Baadaye, tukiwa peke yetu tunaosha vyombo, alisema tu kwamba angalau leo nimelisema mbele ya utingo, na utingo atalifikisha kijijini kabla ya gunia lolote.

Alikubali kulala kwa Mama Minza mpaka kikohozi kiishe. Mama Minza amefurahi kupita kiasi. Amesema atamfundisha Kisukuma na atamnywesha maziwa ambayo hayajaona moto, na mimi sitakuwepo kuyagonga muhuri. Edita amerudi na lori. Wakati wa kuondoka alinipa mkono, akakumbuka, akaurudisha, akapiga makofi mawili hewani kwa aibu kama mtoto wa kwaya. Nilimpigia matatu.

Mama ndiye aliyenipa kitu cha kufikiria. Alipokuwa anavuka kwenda kwa jirani, amejitanda kitenge, alisimama akasema kwa upole kabisa, "Siku ya kumshika, utaniambia wewe."

Nikaitika, "Ndiyo, mama."

Nimeitika, na sijui nimeitikia nini. Daktari mwenyewe hana kipimo. Kikohozi cha mama kitaisha wiki hii au ijayo, hilo nitalisikia kwa masikio. Lakini kinga ya Kasiano nitaisikiaje? Hakuna asubuhi nitakayofungua dirisha nikaona waamia ndege wake wamesimama wote, na madebe mikononi. Huenda wameshaanza kuamka. Juzi alijikata kidole kwa patasi, akijaribu kunoa tu, na kidonda kimekauka bila usaha, na nilikitazama asubuhi na jioni kwa furaha ambayo ningeona haya kumsimulia mtu. Huenda hiyo ndiyo dalili. Huenda ni kidole tu.

Nimekuwa mkali katika nyumba hii. Ninajua. Kuna siku namwona Kasiano ananyoosha mkono, kisha anaangalia kwanza kama nimetoka kunawa. Afadhali awe hai kuliko anipende kwa upole wangu, lakini ningependa vyote viwili. Sijui mtu anajuaje kwamba sasa debe linatosha, kwamba kelele inayobaki inaukanyaga mpunga.

Amegeuka kitandani. Amekohoa mara moja, kikohozi kikavu cha vumbi. Nimesimamisha kalamu, nimesikiliza. Ameendelea kulala.

Kwa Mama Minza nasikia wanawake wawili wanacheka, mmoja anakohoa katikati.

Mama ataamka mapema, ni mtu wa shamba, na atakuja kusimama penye kamba ya nguo kabla sijaenda stesheni. Hataniuliza kwa mdomo. Ataniangalia tu, na mimi itabidi nimwambie bado, na huenda keshokutwa pia bado, na wiki ijayo.

Leo nilimwambia nikiwa nimesimama. Kesho nitamwambia nikiwa nimepiga magoti.